Kuanzisha kundi la kutembea mtaani: mwongozo kwa watu wa Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Maswali ni yaleyale kila wiki. Sare ni lazima? Kiingilio shilingi ngapi? Tutembee kilomita ngapi? Tunahitaji daktari? Kisha lile ambalo mtu huliacha mpaka mwisho, tena kwa sauti ya chini: "Sasa mtu akianza kulia njiani, mimi nifanyeje?" Nimeyajibu kwenye simu mpaka salio limekwisha, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja.

Kundi letu liko Kihesa, hapa Manispaa ya Iringa. Tulianza wawili. Siku hizi Jumamosi ya jua tunafika kumi na wanane, ya mvua watano. Mimi si mtaalamu wa afya ya akili na katika kundi hatuna hata mmoja. Ninachokijua ni kutembea na watu, na kumgongea mlango mtu ambaye wiki tatu hajaonekana dukani.

Tuelewane mapema: hii si klabu ya jogingi, na si kikao cha ushauri nasaha. Ukiigeuza jogingi, wenye magoti mabovu na wenye huzuni watabaki nyumbani, ukose walewale uliowakusudia. Ukiigeuza kikao cha ushauri, hakuna mwanamume atakayefika. Ni matembezi ya majirani. Kazi yake kubwa ni kwamba usipoonekana, kuna mtu atajua.

Nadharia ni fupi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mazoezi husaidia usingizi na hupunguza dalili za sonona (huzuni nzito isiyoondoka) na wasiwasi. La pili ni letu wenyewe: watu wanaotembea bega kwa bega hawatazamani usoni. Mtu aliyelelewa kwa kuambiwa "jikaze" husema akiwa anaangalia barabara maneno ambayo asingeyasema mezani.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mwenzako mmoja. Si kamati, mtu mmoja tu.
- Njia ya kuzunguka ya dakika 40, inayoanzia na kuishia mahali pamoja.
- Daftari dogo na kalamu.
- Raba au viatu vyovyote visivyoteleza. Vya mtumba vinatosha. Kandambili hapana, hasa masika.
- Sweta au koti. Anayesema Iringa haina baridi hajawahi kutoka nje asubuhi ya Julai.
- Namba ya simu ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako, na ya afisa ustawi wa jamii. Ulizia ofisi ya kata.
- Maji ya kunywa, na pipi chache mfukoni kwa ajili ya mwenye kisukari ambaye sukari itamshuka njiani.

Sare haimo, kiingilio hakimo. Wala spika.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta mtu wa pili, mtembee wawili kwa wiki mbili.

Usitangaze kitu bado. Wiki mbili hizi ni za kujua kama wewe mwenyewe unaamka. Nimeona makundi matatu yakizinduliwa kwa mbwembwe na tisheti, na wiki ya nne mwanzilishi kalala. Watu waliofika wakakuta geti tupu hawakurudi tena.

Mwenzako awe tofauti na wewe. Kama wewe ni mama, mtafute baba. Kama wewe ni kijana, mtafute mtu ambaye unamwamkia shikamoo. Sababu utaiona hatua ya sita.

2. Pima njia kwa dakika, usipime kwa kilomita.

Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ni wa vilima. Kilomita mbili za tambarare na kilomita mbili za kupanda kutoka Ipogolo kuja mjini ni vitu viwili tofauti. Aliyehamia juzi kutoka Dar es Salaam atahema kwenye mwinuko ambao wewe huuoni hata kama ni mwinuko. Mpe muda, mwili utazoea.

Kwa mwezi wa kwanza tafuta tambarare. Jiwe la Gangilonga liache kwanza. Najua kila mtu anataka kupiga picha pale juu mji ukiwa chini yake, na jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Lakini mkipanda siku ya kwanza litakaloongea ni hilo jiwe tu, ninyi wote mtakuwa mnahema. Wenzetu wa Mbeya nao wauache mlima Loleza mpaka miguu ikubali.

Epuka kabisa ukingo wa barabara kuu ya TANZAM, ile ya Dar es Salaam kwenda Zambia, iwe hapa Ipogolo au kule Mbeya: Uyole, Mafiati na Mbalizi. Malori ya kwenda mpakani Tunduma hayana subira na watu wanaopiga soga. Epuka pia njia inayopita mlangoni mwa kilabu cha pombe. Msimu wa ulanzi nilipoteza watu wawili kwa mpigo kwenye kona moja, na walikuwa wameshatembea dakika kumi tu.

3. Chagua siku na saa.

Hapa wengi hukosea kwa kunakili ratiba za Dar. Huku kwetu Juni na Julai jua linachomoza saa moja kasoro dakika kumi hivi, na Mbeya ni karibu saa moja kamili. Ukisema "tukutane saa kumi na mbili kamili" unawaita watu gizani, kwenye baridi, na akina mama hawatakuja peke yao. Novemba hali ni nyingine, saa kumi na mbili na robo kumeshakucha. Sisi tunaanza saa moja na robo mwaka mzima, tusichanganyane.

Kuhusu siku: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, kwa hiyo msiiguse, au mfagie pamoja halafu mtembee. Jumapili watu wako kanisani. Jumamosi nayo ni Sabato kwa Waadventista, na Ijumaa mchana ni ya Waislamu. Hakuna siku ambayo haina mwenyewe. Tulitatua kwa kuweka mbili, Jumamosi asubuhi na Jumatano saa kumi na moja jioni, na mtu anachagua. La jioni liishe kabla ya saa kumi na mbili na nusu, giza halijaingia.

4. Mwone mwenyekiti wa mtaa.

Usiruke hatua hii. Watu kumi na tano wanaotembea pamoja asubuhi, bila ng'ombe na bila jeneza, huulizwa maswali. Nenda umweleze, mwachie barua fupi yenye siku, saa, njia na majina mawili. Ukitaka kuipa barua uzito, kumbusha kwamba mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mwenyekiti wetu alifurahi sana kusikia hilo. Hajatembea nasi mpaka leo, lakini alifurahi.

Siku mkitaka kufanya tukio kubwa lenye mabango na vipaza sauti, kwa mfano Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, hapo mambo ni mengine: polisi wapewe taarifa kwa maandishi saa 48 kabla au zaidi.

5. Alika kwa mdomo, na chunga maneno.

Ukisema "njoo kwenye kundi la afya ya akili", mtu anasikia "wameshaniona nimechanganyikiwa". Mtaani neno akili bado linabeba mawe. Sema: "Jumamosi tunanyoosha miguu, pitia." Inatosha. Yule ambaye unajua kabisa ana mzigo, aliyefiwa au aliyeachishwa kazi, mwenye mtoto gerezani, usimpe mwaliko wa jumla. Mwambie, "Nitakupitia saa moja kamili, tuongozane." Halafu upite kweli. Mtu mwenye sonona hakosi nia. Kinachomshinda ni kutoka kitandani mpaka mlangoni, na wewe ukiwa mlangoni safari imepungua.

Wanaume waalike kwa kazi. "Mzee, tunahitaji mtu wa kukaa nyuma kuangalia usalama." Atakuja, na atakaa nyuma kweli.

6. Siku ya kwanza.

Simameni duara. Salimianeni sawasawa, kila mtu na lugha yake, kamwene, shikamoo, mambo. Majina. Kisha sema kanuni tatu tu:

Yaliyosemwa njiani yanabaki njiani.
Mwendo ni wa anayechelewa kuliko wote.
Hakuna kupiga picha mtu bila ruhusa yake.

Hesabu watu, andika idadi na majina kwenye daftari. Huyu wa nyuma, sisi tunamwita mkia, hapitwi na mtu yeyote. Anayeongoza mbele anageuka kila baada ya dakika tano kumtafuta mkia kwa macho.

Tembeeni wawili wawili. Usipange nani na nani, waache wajipange, na wewe na mwenzako mjigawe: mmoja mbele, mmoja katikati. Hapa ndipo ile tofauti yenu inapofanya kazi. Mama wa miaka hamsini hatamweleza kijana wa miaka ishirini na mbili habari za ndoa yake, hata kijana awe na moyo wa dhahabu. Na kijana hatamwambia mzee kwamba ameliwa pesa zote kwenye kubeti.

Mwendo sahihi: unaweza kuongea bila shida, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongezeni kidogo. Ukishindwa kuongea, punguzeni. Nusu ya njia, badilishaneni wenza. Hii inamwokoa aliyepangwa na msemaji, na msemaji anapata masikio mapya.

7. Kusikiliza.

Kaa kidogo kwenye hatua hii, maana hapa ndipo tunapokosea kuliko kwingine kote, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Mwezi wa pili wa kundi letu, bwana mmoja aliniambia kwamba tangu biashara yake ianguke halali usiku. Nikampa hotuba. Nikamweleza habari za mjomba wangu aliyeanguka mara tatu akainuka, nikamtajia mkopo wa vikundi, nikamwambia amshukuru Mungu ana afya. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Alitikisa kichwa, akasema "ni kweli", na hakuja tena kwa wiki tano. Baadaye mkewe aliniambia alirudi nyumbani akasema, "Hata kule wanafundisha."

Kwa hiyo: mtu akianza kusema, punguza mwendo kidogo na unyamaze. Kimya cha hatua ishirini kwenye matembezi si kirefu kama kimya cha sebuleni, miguu inakijaza. Ukilazimika kusema kitu, rudia alichosema yeye: "Kumbe hulali." Au uliza, "Usiku unakuwaje?" Usimlinganishe na aliyeteseka zaidi. Usiseme "wengine wana makubwa kuliko hayo". Usimwambie aombe kana kwamba hajaomba. Kwa hakika ameshaomba.

Akilia, msisimame wote mkamzunguka. Wewe simama naye, mkia asimame mbali kidogo, wengine waendelee mpaka kona. Mpe leso. Subiri. Kisha muulize, "Tuendelee au turudi?" na ufuate anachosema.

8. Malizieni na kitu cha moto.

Chai ya maziwa kwa mama anayekaanga maandazi pale mnapoishia, kila mtu na hela yake. Dakika kumi na tano, si zaidi. Asiye na hela analipiwa kimyakimya na mtu mmoja, bila kutangaza. Kahawa ya chuoni na hotelini iacheni. Kundi likianza kugharimu shilingi elfu tatu kwa asubuhi, baada ya mwezi mtabaki watumishi watupu.

9. Fungua daftari nyumbani.

Soma majina. Nani hayupo? Aliyekosa mara moja mtumie salamu tu. Aliyekosa mara mbili mfululizo bila taarifa mpigie, na asipopokea nenda kwake. Usiende na msafara, wala usimuulize "mbona huji?", inasikika kama karani wa kukusanya madeni. Sema, "Nilikuwa napita." Kila mtu anajua hukuwa unapita.

Ukiacha hatua nyingine zote ukabaki na hii, bado una kundi.

Tahadhari: mtu akisema amechoka kuishi

Itatokea, ukikaa muda wa kutosha. Maneno yenyewe huja yamefunikwa: "Bora nisingekuwepo." "Watoto watabaki salama bila mimi." "Nimechoka, nataka kupumzika moja kwa moja." Usicheke, usibadili mada.

Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Najua swali hili linatisha kulitamka. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, na wengi hupumua walau kuna mtu ameliita kwa jina. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, hata kwa nusu saa. Tafuta ndugu anayemwamini, siyo yule anayemgombeza. Ombeni familia iondoe dawa za mashambani na za wadudu nyumbani, zikae kwa jirani. Huku kwetu karibu kila nyumba yenye shamba inazo. Kisha mwende naye kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo, wewe mwenyewe ukiwepo.

Watu wengi hudhani tiba ya akili ni Mirembe kule Dodoma peke yake, na jina lile linawatisha. Si lazima ufike huko. Anzeni kituo cha karibu, watawaelekeza au kuwapa rufaa.

Hapa tu ndipo kanuni ya "yanabaki njiani" inapovunjwa. Mweleze usoni kwamba unaivunja, na utamwambia nani.

Na jambo la mwisho kwenye tahadhari: matembezi si badala ya dawa. Mtu anayetumia dawa za hospitali akianza kujisikia vizuri atataka kuziacha, na kundi litampongeza. Msimpongeze. Arudi kwa daktari wake kwanza.

Matatizo yanayojirudia

*Wanakuja wawili tu.* Tembeeni wawili. Sisi tulikuwa wawili kwa wiki saba. Usiahirishe hata mara moja kwa sababu ya idadi, watu wanachungulia madirishani kuona kama kweli mpo.

*Mvua.* Kuanzia Desemba mpaka Aprili hamna ujanja. Kubalianeni alama moja: ikinyesha saa moja kamili, mnakutana kwenye baraza ya mtu mmoja, mnahesabiana, mnakunywa chai, mnatawanyika. Asiyefika anaandikwa vilevile.

*Vijana wanataka kukimbia.* Waache wakimbie mpaka mwisho wa njia na kurudi kwa mkia, mara nyingi wapendavyo. Wanapata mazoezi yao na ninyi mnapata walinzi.

*Siri imevuja.* Umbeya (si watani zetu wa Mbeya, nasema umbeya wenyewe) unaua kundi ndani ya wiki moja. Mwendee aliyevujisha faraghani siku hiyohiyo. Akirudia, mwambie apumzike. Mwombe radhi aliyesemwa, wewe kama kiongozi, hata kama si kosa lako.

*Mume au mke anashuku.* Mwalike naye atembee mara moja. Akiona mnavyohema kwa ajili ya chai na maandazi, atatulia.

*Mtu anataka kutoa tisheti.* Akiwa mfanyabiashara au mgombea, shukuru na ukatae. Tisheti zikiwa na sura ya mtu, nusu ya mtaa haitazivaa. Akisisitiza, mwambie mkia hana tochi.

*Kundi la WhatsApp limejaa matangazo na picha za maua.* Liwe la saa, njia na mvua tu. Wasio na simu janja wapigiwe, maana mara nyingi ndio wenye upweke zaidi.

*Mbwa.* Simameni, msikimbie, msimrushie mawe, mkia apite wa mwisho na fimbo yake.

*Mimi mwenyewe nimechoka.* Kuna Jumamosi utaamka hutaki kusikia shida ya mtu yeyote, na utaona aibu kwa sababu wewe ndiye uliyeanzisha. Usijifanye unaumwa malaria. Mpigie yule mwenzako wa hatua ya kwanza, mwambie ukweli, mpe daftari aliandike yeye, na siku hiyo wewe tembea katikati.